Pasi 17 za Manila: kisa cha Artūrs Žagars

Mechi ya kuwania nafasi ya tano huchezwa na watu ambao mabegi yao yako mlangoni. Ndoto ya medali imeshazikwa, miguu imechoka, na macho ya dunia yako kwenye fainali ya kesho yake. Hali ilikuwa hiyo Manila, Jumamosi ya tarehe 9 Septemba 2023, Latvia ilipokutana na jirani yake Lithuania kwenye Kombe la Dunia la mpira wa kikapu. Ilipopigwa king'ora cha mwisho ubao ulisomeka Latvia 98, Lithuania 63.

Lithuania hiyo hiyo, siku sita kabla, ilikuwa imeifunga Marekani 110 kwa 104.

Aliyeshika usukani wa Latvia jioni ile alikuwa kijana wa miaka 23, Artūrs Žagars, mwenye kimo cha kama sentimita 190, ambacho katika mchezo huu ni kimo cha mtu wa kawaida. Alitoa asisti 17. Asisti, kwa wasioufuatilia mchezo, ni pasi inayozaa kikapu moja kwa moja. Hakuna mchezaji yeyote aliyewahi kutoa 17 katika mechi moja ya Kombe la Dunia. Mashindano yalipoisha alitajwa kwenye kikosi bora cha pili cha mashindano, na kabla mwezi haujakatika akasajiliwa na Fenerbahçe ya Istanbul, moja ya klabu zenye fedha nyingi zaidi barani Ulaya. Alikotoka ilikuwa Nevėžis, klabu ya Kėdainiai, mji mdogo wa Lithuania ambao wenyeji huuita makao makuu ya matango.

Wengi wetu mwaka ule tulikuwa tumeikodolea macho Sudan Kusini, nayo ilitupa sababu: iliipiga China, ikaipiga Angola, ikapata tiketi ya Olimpiki ya Paris. Kwa hiyo habari ya Walatvia ilitupita pembeni. Mimi mwenyewe niliikamata katikati, siku walipoitoa Ufaransa, na tangu hapo nimekuwa nikijiuliza jambo moja kuhusu huyu Žagars. Kile kilichoonekana Manila kilikuwa nini hasa? Kwa maana baadaye, Istanbul, mchezaji yule yule, mwenye mikono ile ile, hakuonekana mkubwa kiasi kile.

Hesabu kwanza

Tuanze na namba 17, maana ukiipasua utaona mengi. Mechi za FIBA, shirikisho la dunia la mpira wa kikapu, ni za dakika 40, si 48 kama za NBA, ligi kuu ya Marekani. Hata tukihesabu kila asisti kwa pointi mbili tu, tukasahau kwamba Latvia ni watu wa mitupo ya pointi tatu, asisti 17 ni pointi 34. Hiyo ni zaidi ya theluthi ya pointi 98 za timu nzima. Na tofauti ya pointi siku ile ilikuwa 35. Ni kama vile ushindi wote ulipita kwenye mikono yake, wenzake wakaenda sare na Lithuania kwa yaliyobaki.

Hesabu hiyo ina kasoro moja ambayo mshabiki makini ataishika. Kwa kanuni za takwimu za FIBA, ukimpa mwenzako pasi akachezewa rafu akiwa anafunga, kisha akaingiza angalau mtupo mmoja wa adhabu, na wewe unaandikiwa asisti. NBA hawahesabu hivyo. Kwa hiyo asisti moja moja inaweza kuwa imezaa pointi moja. Haidhuru. Picha inabaki ile ile.

Lakini kasoro kubwa ya asisti kama kipimo ni nyingine, nayo ndiyo moyo wa kisa hiki. Pasi haijawa asisti mpaka mwingine afunge. Unaweza kupasua ulinzi wa watu wanne, ukampa mwenzako mpira mahali ambapo hata mlinzi hayupo, akakosa, na kwenye karatasi ya takwimu hujafanya kitu. Ribaundi, mpira unaorudi baada ya mtupo kukosa, unaikamata mwenyewe. Pointi unafunga mwenyewe. Asisti peke yake ndiyo takwimu ambayo hati yake ya umiliki ina majina mawili. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kwa hiyo mtu anapovunja rekodi ya asisti, swali la haki si kwamba yeye ni hodari kiasi gani tu, bali alikuwa akiwapa akina nani.

Alikuwa akiwapa akina nani

Latvia ni nchi ya watu wasiofika milioni mbili, na mpira wa kikapu kwao si mgeni. Ubingwa wa kwanza kabisa wa Ulaya, Geneva mwaka 1935, waliuchukua wao kwa kuifunga Hispania 24 kwa 18 (naam, hayo ni matokeo ya mechi nzima, mchezo wa enzi zile ulikuwa wa subira). Chini ya Sovieti, klabu ya ASK ya Riga, mji mkuu wao, ilitwaa Kombe la Mabingwa wa Ulaya mara tatu mfululizo, 1958, 1959 na 1960. Wachezeshaji wao, yaani wanaopandisha mpira na kugawa pasi, pia wana jina la zamani: Valdis Valters alikuwa mchezaji bora wa mashindano ya Ulaya ya 1981 akiwa na jezi ya Sovieti, na Igors Miglinieks alivaa dhahabu ya Olimpiki Seoul 1988, pia na Sovieti. Juzi juzi, kwenye Olimpiki ya Tokyo, vijana wanne wa Latvia walichukua dhahabu ya kwanza ya wanaume kutolewa katika mpira wa kikapu wa watatu kwa watatu.

Kwenye Kombe la Dunia, hata hivyo, hawakuwahi kukanyaga kama nchi huru. Mwaka 2023 ilikuwa mara ya kwanza. Na wakaenda bila Kristaps Porziņģis, jitu lao la karibu sentimita 220, ambaye kiangazi kile alikuwa amehamishiwa Boston Celtics na mguu wake ukawa unamsumbua kwenye wayo. Timu ndogo, mara ya kwanza, bila nyota. Waliopanga makundi waliwatia kundi moja na Canada na Ufaransa, kule Jakarta.

Kocha wao alikuwa Mwitaliano, Luca Banchi. Mashindano yalipoisha yeye ndiye aliyepewa tuzo ya kocha bora, na ukitazama alichokijenga huwezi kulalamika. Banchi hakuwa na mtu wa kumpa mpira chini ya kikapu akasema maliza. Alichokuwa nacho ni wadunguaji, kuanzia Dāvis Bertāns, ambaye kwa miaka kadhaa NBA ilimlipa mamilioni kwa kazi moja, kutupa mpira kutoka mbali. Ana urefu wa mchezaji wa ndani na mkono wa mtu wa nje. Kando yake walikuwapo Rolands Šmits, Andrejs Gražulis, Artūrs Kurucs, Kristers Zoriks, Aigars Šķēle. Nje ya Ulaya ni majina ambayo hayauzi jezi. Lakini karibu kila mmoja wao anatupa, na anatupa bila woga.

Sasa fikiria hali ya mlinzi anayekabiliana na timu ya namna hiyo. Žagars anapandisha mpira. Gražulis anakuja kusimama kama nguzo kwenye njia ya mlinzi wa Žagars, ile wanayoiita skrini. Žagars anapita ubavuni mwake. Kwa nusu sekunde, walinzi wawili wanapaswa kuamua nani amfuate nani. Wakimfuata wote wawili Žagars, Gražulis ameshageuka na anakimbilia kikapuni akiwa huru. Mlinzi wa tatu akitoka kona kwenda kumzuia Gražulis, kona imebaki na Bertāns peke yake. Na Bertāns ukimwacha peke yake, rudi tu nyuma ukajipange.

Kwa timu ya kawaida, mlinzi wa tatu anasogea bila hofu, kwa sababu aliyemwacha kona ni mtu anayetupa matofali, mitupo isiyoingia. Kwa Latvia ya 2023 kila kusogea kulikuwa na bei. Ndiyo maana njia zilikuwa wazi mbele ya Žagars, na ndiyo maana pasi zake zilikuwa zinaonekana rahisi. Hapo ndipo wengine husema basi, sifa ni za mfumo. Mimi sikubaliani, kwa sababu ile nusu sekunde haimsubiri mtu. Wachezeshaji wengi wanaiona njia ikiwa imeshafunguka. Žagars alikuwa anatoa mpira njia inapoanza kufunguka, na mara nyingi macho yake yalikuwa yameelekea kwingine. Nimeirudia mechi ya Lithuania mara kadhaa, na kinachonivutia si pasi za maonyesho. Ni mwendo wake. Hana kasi ya kutisha. Anapita kwenye skrini, anapunguza mwendo, anamweka mlinzi wake mgongoni kama abiria wa bodaboda, halafu anatembea taratibu ndani ya eneo la hatari mpaka mtu mmoja wa timu pinzani akose uvumilivu. Anayekosa uvumilivu kwanza ndiye anayelipa.

Shule ya Badalona

Mwendo ule una mahali ulipofunzwa. Žagars aliondoka Latvia akiwa bado mtoto wa shule akaenda Hispania, kwenye akademia ya Joventut, Badalona, pembeni ya Barcelona. Joventut si tajiri kama Real Madrid wala Barcelona, lakini ina jina moja kubwa katika kulea vijana. Ricky Rubio alichezeshwa ligi kuu ya Hispania na klabu hiyo akiwa na miaka 14. Mtoto anayekulia pale hafundishwi kufunga kwanza. Anafundishwa kuusoma uwanja.

Kiangazi cha 2018 kilimpa Žagars mwanga wa kwanza. Mashindano ya Ulaya ya chini ya miaka 18 yalifanyika Latvia kwenyewe, na wenyeji wakafika fainali wakashindwa na Serbia. Wakati ule wasaka vipaji walikuwa wakimtaja kwenye orodha za watakaochukuliwa NBA. Orodha hizo, kama ujuavyo, huandikwa kwa penseli. Miaka ikapita, majeraha yakapita, nafasi kwenye kikosi cha kwanza cha Joventut haikutulia, na mwaka 2022, mwaka wa mwisho wa sifa zake kuingia kwenye mchujo wa NBA, ambamo timu huchagua vijana wapya, hakuna timu iliyomtaja. Akajikuta Kėdainiai.

Kwenda Kėdainiai haikuwa adhabu. Ligi ya Lithuania ni ngumu, watu wa kule wanaupenda mpira wa kikapu kama sisi tunavyopenda kandanda, na Nevėžis ilimpa kitu ambacho Badalona ilishindwa kumpa: mpira mkononi kila siku, ruhusa ya kukosea, dakika nyingi. Pengine ndiyo klabu iliyomwandaa kwa Manila kuliko nyingine yoyote. Kejeli yake ni kwamba waliomnoa walikuwa Walithuania, na waliokatwa kwa wembe huo walikuwa Walithuania.

Majuma mawili ya Asia

Safari ya Latvia ilianza kwa kuitandika Lebanon 109 kwa 70. Hiyo ilikuwa ya kupasha misuli. Siku mbili baadaye ikaja Ufaransa, washindi wa fedha wa Olimpiki ya Tokyo, waliokuwa wameumia baada ya kupigwa na Canada kwa tofauti ya pointi 30. Ufaransa ilikuwa lazima ishinde. Ikaongoza sehemu kubwa ya mechi, Walatvia wakaisogelea taratibu, mwisho 88 kwa 86, na Ufaransa ikawa imetoka mashindanoni baada ya mechi mbili tu. Mimi hapo ndipo nilipoanza kutafuta jina la yule mchezeshaji wao anayetembea.

Canada ikawapiga 101 kwa 75, na hilo nalitaja kwa sababu watu hupenda kulisahau. Canada ilikuwa na walinzi warefu, wenye mikono mirefu, wanaobadilishana watu kwenye skrini bila kupoteza hatua. Ukibadilishana bila kuchelewa, ile nusu sekunde haipo, na mchezeshaji anayekula nusu sekunde anabaki na njaa. Rudi kwenye mechi hiyo kichwani tutakapofika Istanbul.

Raundi ya pili: Hispania, mabingwa watetezi, 74 kwa 69. Rubio hakuwepo, alikuwa amejitoa kabla ya mashindano ili aangalie afya ya akili yake. Kwa hiyo Hispania, nchi iliyozoea kuwa na mchezeshaji bora uwanjani, siku ile ilitazama mtoto wa shule ya Rubio akiwa upande wa pili. Kisha Brazil, 104 kwa 84. Wageni wa Kombe la Dunia wakawa robo fainali.

Robo fainali dhidi ya Ujerumani, tarehe 6 Septemba, Manila, kwangu ndiyo mechi bora ya Žagars, kuliko hata ile ya asisti 17. Alifunga pointi 24. Ujerumani walijua fika kwamba ukimpa nafasi ya kugawa atakugawa, wakamkabili kwa namna ya kumlazimisha afunge mwenyewe. Akafunga. Upande wa pili Dennis Schröder, mchezeshaji wa Ujerumani, alikuwa na siku ya kusikitisha: mitupo 26, iliyoingia minne. Latvia ikabaki nyuma kwa pointi mbili, 81 kwa 79, na sekunde za mwisho mpira ukamfikia Dāvis Bertāns nje ya mstari wa pointi tatu. Mtu sahihi, mahali sahihi. Mpira ukagoma kuingia.

Ujerumani ikaenda kuifunga Marekani 113 kwa 111, kisha Serbia 83 kwa 77, ikawa bingwa bila kupoteza mechi. Timu mbili tu ziliikaribia kiasi cha pointi mbili: Marekani na Latvia.

Nilikuwa nimeahidi kutozungumzia bahati katika uchambuzi huu lakini nashindwa. Mtupo ule wa Bertāns ungeingia, Žagars angekuwa ameandikiwa nusu fainali, pengine medali. Haukuingia, akaandikiwa mechi ya nafasi ya tano. Bado klabu za Ulaya zilikuwa zimeshaona. Siku iliyofuata waliifunga Italia 87 kwa 82, na tarehe 9 ikaja Lithuania.

Uhasama wa hawa wawili una umri. Mwaka 1939, Kaunas, Lithuania ilianza mashindano ya Ulaya kwa kuifunga Latvia 37 kwa 36, kikapu cha mwisho kabisa, na ikabeba kombe. Mtoto wa Kilatvia anaijua hadithi hiyo kabla hajajua kudunda mpira. Kwa hiyo hata mechi ya mabegi mlangoni, kwa hawa, ina uzito wake. Lithuania, iliyokuwa imeishiwa pumzi baada ya kufungwa na Serbia robo fainali, ilicheza ulinzi wa watu wanaofikiria ndege. Walichelewa kubadilishana, walichelewa kurudi, na kila walipochelewa mpira ulikuwa umeshaondoka. Rekodi ni halali, sitaki mtu anielewe vibaya. Ila mwenye kuisoma asome na hali ya hewa ya siku ile.

Fenerbahçe ilinunua nini

Katika biashara ya usajili, majuma mawili ya Septemba yana bei kuliko miezi minane ya Kėdainiai. Mawakala wanajua, marais wa klabu wanajua, na wachezaji ndio wanaojua zaidi. Huwezi kumlaumu kijana kwa kuchukua mkataba wa Fenerbahçe, angekataa tungemshangaa.

Lakini angalia alikoingia. Fenerbahçe ya msimu wa 2023–24 ilikuwa na Nick Calathes, mmoja wa wagawaji wakubwa katika historia ya EuroLeague, ligi ya klabu kubwa za Ulaya, pamoja na Scottie Wilbekin na Marko Gudurić, watu wote wanaotaka mpira mkononi. Kocha aliyekuwapo msimu ulipoanza, Dimitris Itoudis, aliondolewa Desemba, akaja Šarūnas Jasikevičius. Huyu naye ni mchezeshaji wa zamani, bingwa wa Ulaya na Lithuania mwaka 2003, na kwa wachezeshaji vijana ni mwalimu mwenye jicho la kaa la moto. Ongeza na kanuni za ligi ya Uturuki zenye kikomo cha wageni: mgeni ambaye ni wa tatu kwenye foleni ya nafasi yake, wikendi nyingine anavaa suti badala ya jezi.

Hapo ndipo nadharia yangu inapojaribiwa. Manila Žagars alikuwa na vitu vitatu kwa pamoja. Mpira ulikuwa wake. Wenzake wote walikuwa wadunguaji wanaojua hasa wapi atapenyeza pasi. Na wapinzani walikuwa na siku mbili tatu za kumsoma. Istanbul vyote vitatu vilipungua. Mpira ukawa wa wengine, yeye akaingia kwa dakika chache za kuwapumzisha. Ukiingia dakika sita kisha ukatoka, huwezi kumtembeza mlinzi mpaka akose uvumilivu. Uvumilivu wa dakika sita anao kila mtu. Na EuroLeague wakati ule ilikuwa na msimu wa kawaida wa mechi 34, walinzi wake ni wa aina ya wale wa Canada, wanaobadilishana bila kuchelewa, na kila benchi lina mtu aliyekesha akitazama video yako.

Wapo wanaosema alikosea, kwamba angeenda klabu ya kati ya Hispania au Ujerumani ambako angecheza dakika 25. Hoja hiyo ina nguvu na sitaidharau. Mchezeshaji hukua kwa kucheza, kama dereva wa lori anavyokua kwa barabara, si kwa kukaa kiti cha abiria hata kama lori ni jipya. Ila kuna upande ambao wenye hoja hiyo hawausemi. Mtu aliyeachwa na mchujo wa NBA, mwenye historia ya majeraha, anapewa karatasi yenye tarakimu ambazo hajawahi kuziona. Mwili wake ndio mtaji wake, na ameshauona ukigoma. Kuchukua fedha za uhakika kabla mwili haujagoma tena ni akili, hata kama kwa sisi tunaotazama ni hasara.

Na makombe alipata. Fenerbahçe ilishinda Kombe la Uturuki na ligi mwaka 2024, ikafika nusu fainali ya EuroLeague Berlin. Mwaka uliofuata ikachukua vyote: kombe, ligi, na tarehe 25 Mei 2025, Abu Dhabi, EuroLeague yenyewe kwa kuifunga Monaco 81 kwa 70. Mchezaji bora wa fainali zile alikuwa Nigel Hayes-Davis. Žagars alikuwa mmoja wa kikosi cha msimu ule, lakini nyimbo za Istanbul ziliimbwa kwa majina mengine.

Wachambuzi wengine huishia hapa na kusema kwamba Manila ilikuwa moto wa mabua. Mimi naona wanapima nguo kwa kutumia kibaba. Mchezeshaji si bidhaa unayoihamisha kutoka duka moja hadi jingine ikabaki na bei ile ile. Ukimnunua yeye bila kununua kona aliyoizoea Bertāns, bila Gražulis anayejua kugeuka mapema, bila kocha anayemkabidhi mpira kuanzia dakika ya kwanza, umenunua nusu ya asisti.

Riga, 2025

Kiangazi kile kile cha 2025 Riga ilikuwa mwenyeji wa hatua za mwisho za mashindano ya Ulaya. Banchi alikuwa bado kocha. Safari hii Porziņģis alikuwepo, mwenye afya, mbele ya watu wake, na kwa haki timu ikaelekezwa kwake. Ukiwa na mtu wa kimo kile anayefunga kutoka popote, unampa mpira. Hakuna kocha duniani ambaye angefanya vingine. Lakini mpira ulioko mkononi mwa jitu hauko mkononi mwa mchezeshaji, na ile Latvia ya Jakarta, iliyomchosha mpinzani kwa sababu hakujua hatari itatoka wapi, ikawa Latvia ambayo kila mtu alijua hatari imesimama wapi.

Hatua ya 16 bora wakapangiwa Lithuania. Lithuania ilikuwa imempoteza mchezeshaji wake mkuu, Rokas Jokubaitis, aliyeumia goti kwenye mechi za makundi, na usukani ukamwangukia Arnas Velička, ambaye hata Walithuania wenyewe hawakuwa wamemwekea matumaini makubwa. Velička akapita kwenye skrini, akapunguza mwendo, akasubiri. Lithuania ikashinda 88 kwa 79, na ukumbi wa Riga ukanyamaza.